Mchezo wa mahafali: jinsi ya kuuandaa hadi mtu wa nyuma kabisa asikie

Mimi klabu ya sanaa sikuiomba. Nilikuta tu jina langu limebandikwa ubaoni ofisi ya walimu, pembeni limeandikwa "mlezi", nikiwa na miezi minne kazini, na sekondi masta akaniambia mwalimu we bado kijana utawaweza hawa. Kwa hiyo haya ninayoandika sikuyasomea popote, nimeyapata kwa kuharibu. Kama na wewe umebandikwa jina hivyo na mahafali ya kidato cha nne ni Oktoba, soma, itakusaidia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili tuelewane. Mchezo wetu wa kwanza ulihusu mirathi, mume kafa, mjane analia, ndugu wa mume wanagombania shamba na baiskeli. Bwalo limejaa wazazi, bati halina dari, maiki iko moja tu na tumekubaliana watapokezana. Maiti kalazwa katikati kwenye mkeka kafunikwa shuka jeupe. Mjane akaongea maneno yake vizuri tu, akamaliza, sasa zamu ya shemeji na shemeji yuko upande wa pili wa maiti. Mjane akanyoosha mkono, haufiki. Shemeji akanyoosha, haufiki. Basi maiti akatoa mkono kwenye shuka, akapokea maiki, akampasia shemeji, akarudisha mkono wake ndani akaendelea kufa. Aisee. Mgeni rasmi alicheka mpaka akavua miwani, na mchezo ukawa umeishia pale pale, hata shamba hatukujua lilienda kwa nani.

Toka siku hiyo msimamo wangu ni mmoja: hakuna kushika maiki jukwaani. Mchezo wa shule unakufa kwa sababu watu hawasikii, hayo mengine yote, sijui mapambo sijui maleba, yaani mavazi ya jukwaani, yanakuja baadaye. Sasa twende.

Kwanza kabisa, nani acheze

Usiwachukue kidato cha nne. Najua ni sherehe yao na wenyewe watakuja na sura za huruma, lakini wana moko, yaani mtihani wa majaribio, wana mtihani wa taifa wa NECTA mwezi wa kumi na moja, na mwalimu wa taaluma atakuja kuwatoa mazoezini wiki mbili kabla ya onesho na atakuwa na haki. Kidato cha pili nao wana mtihani wao wa upimaji. Uti wa mgongo wako ni kidato cha tatu, wanaojua shule na bado hawana presha, halafu changanya na kidato cha kwanza ambao hawaoni aibu. Form four wape wimbo mmoja wa kuingilia, watafurahi.

Kupanga wahusika watu wengi wanafanyia darasani, mtoto anasimama mbele anasoma, anayesoma bila kukwama anapewa uhusika mkubwa. Hiyo ni kupima kusoma, haipimi kuigiza. Mi nawapeleka kiwanjani. Anayejaribiwa anasimama golini, sisi wengine tunakaa kwenye duara la katikati, tunampa sentensi moja ya kawaida kabisa, mfano "mama, maji yamekwisha", na aseme kama anamwambia mama yake, sio kama anaita daladala. Akipiga kelele namrudisha. Nataka sauti ifike ila ibaki ya mtu anayeongea. Hapo utashangaa, yule kiranja mwenye domo anakauka, na kuna kabinti kamekaa kimya mwaka mzima kanakufikia bila hata kujikaza. Huyo ndo mjane wako.

Na yule mchekeshaji wa darasa usimpe uhusika wa kuchekesha. Atajichekesha mwenyewe. Mpe awe mzee mkali, atakushangaza.

Mchezo upi

Njia rahisi ni vile vitabu vya tamthiliya wanavyosoma kwenye fasihi, faida yake wanaocheza na wanaotazama wote wanajiandaa na mtihani humo humo na mwalimu wa taaluma anakuacha upumue. Ngoswe ya Edwin Semzaba inafaa klabu ndogo kwa sababu wahusika ni wachache na hadithi inakwenda mbio, karani wa sensa anafika kijijini anaacha kazi anapenda binti wa watu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969, inafaa ukiwa na watoto wengi na kila mzazi anataka kumuona wa kwake, maana ni vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 na umati wa wanakijiji unaweza ukaujaza hadi jukwaa likae vizuri. Ila umati nao ufundishwe, tutafika huko.

Kuna mkuu wa shule mmoja alitaka tucheze Shakespeare ili wageni waone shule ina hadhi. Nikamwambia sawa mkuu, Mwalimu Nyerere alishatutafsiria Juliasi Kaizari toka 1963, tukachukua hotuba ya kwenye mazishi peke yake, dakika kama kumi na mbili, mashuka meupe ya bweni yamefungwa begani. Ikapendeza kweli. Mchezo mzima usithubutu.

Na kama mnatoza kiingilio na mnacheza kitabu cha mtu, andikeni barua kwa mchapishaji kuomba ruhusa, hakimiliki ni sheria.

Mi binafsi napenda wautunge wenyewe. Nawapa hali, sio hadithi. Mfano: baba amerudi na simu mpya na ada haijalipwa. Waigize bila kuandika chochote, mara ya kwanza wanachekacheka, mara ya pili wanagombana, mara ya tatu ndo maneno yanakuja, na hiyo ya tatu katibu wa klabu anaandika. Angalizo moja kubwa: mchezo wowote unaotungwa na wanafunzi unaisha polisi wameingia. Sijui kwa nini. Baba mlevi, polisi. Ndoa ya utotoni, polisi. Mwizi wa kuku, polisi tena na mtu analia "nimekoma". Mi nimepiga marufuku polisi kwenye onesho la mwisho, wakikosa polisi wanalazimika kufikiria.

Ukishapata maandishi, yasomeni kwa sauti mmekaa na saa mezani. Mkitumia dakika thelathini mmekaa, jueni jukwaani itafika arobaini, kwa sababu ya kuingia, kutoka, vicheko, na yule atakayesahau.

Sauti, hapa ndo nakaa sana

Wiki mbili za kwanza sigusi jukwaa. Wanalala chali kwenye mikeka, kila mmoja ana daftari juu ya tumbo, anavuta pumzi daftari lipande, anatoa lishuke. Mabega yakipanda anaanza upya. Wanaona ujinga siku mbili hivi, ya tatu wanaanza kushindana nani daftari lake linakaa juu muda mrefu. Afu tunahamia kwenye ngonjera, kwa sababu ngonjera wameshaizoea tangu msingi, ule ushairi wa majibizano aliotuachia Mathias Mnyampala, una mizani na kila mtu anajua kupokezana. Kundi moja ukuta huu, kundi lingine ukuta ule, bwalo lote katikati. Kila ubeti wanarudi nyuma hatua moja.

Sasa sikiliza hili. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mtoto akiwa na woga silabi ya mwisho anaimeza. Na kukanusha kwetu kunakaa mwanzoni kabisa mwa neno, ambako mtoto bado anajikusanya. Unaona shida? Wanakijiji wanatakiwa waseme "hatutoki hapa!", yule wa mbele anaanza kabla pumzi haijatulia, "ha" inapotea, "ki" inamezwa, mzazi wa nyuma anasikia "tuto... hapa", anajua jamaa wanahama. Mchezo mzima umegeuka kwa silabi mbili! Mi nawapa penseli wanapigia mstari kila "ha" na "si" kwenye karatasi zao, na mazoezini wanazisema zikiwa zimetenganishwa, ha, tutoki, mpaka ulimi uzoee, baadaye tunaziunganisha. Na mwisho wa sentensi wasishushe sauti kama mtu anayesoma risala. Neno la mwisho ndo linabeba ujumbe mara nyingi, lisindikizwe mpaka mlangoni.

Kuna mwanafunzi mmoja anakaa mlango wa nyuma kila siku ya mazoezi, kazi yake ni moja tu, asiposikia ananyoosha mkono. Haongei. Mkono ukinyooka, anayeongea anarudia sentensi. Huyu mpe cheo, muite afisa masikio au vyovyote, atajiona mkubwa.

Kuhusu bati: mvua za vuli zinaweza kukukuta katikati ya onesho na mvua ikipiga bati hakuna binadamu atakayesikika, hata ukiwa na spika za dijei wa harusi. Andaa wimbo. Mvua ikianza, mhusika mkuu anaanzisha wimbo wa kazi au wa msiba kutegemeana na hali, wote wanaitikia, wanacheza pale pale, mvua ikipungua wanarudi kwenye mstari walioachia. Wimbo huo uwe umefanyiwa mazoezi. Mwaka mmoja wazazi walidhani ni sehemu ya mchezo, wakatunza mpaka hela.

Kama lazima utumie maiki basi iwekwe kwenye stendi fupi ukingoni mbele, isiguswe na mtu.

Jukwaa

Meza za bwalo zikiunganishwa zinatoa jukwaa zuri, lakini zinateleza na zinapiga kelele. Zifungeni miguu kwa mipira ya tairi za baiskeli, juu tandikeni mikeka au mazulia ya msikiti wa shule kama imamu wenu ni mtu wa kuelewana. Kabla hamjaanza mazoezi juu yake mwambie mtoto mnene kuliko wote arukeruke kila kona. Mimi sikufanya hivyo mwaka wa pili, "chifu" akapotelea kati ya meza mbili mpaka kiunoni akiwa anatoa hukumu. Hakuumia, alhamdulillah.

Kama meza haziaminiki achana nazo. Chezeni chini, watazamaji wazungushe pande tatu: watoto kwenye mikeka, nyuma yao viti vya wazazi na wageni, nyuma yao wanafunzi wamesimama juu ya mabenchi. Kila mtu anaona na waigizaji wako karibu na watu, sauti nayo haiangaiki.

Sakafuni chora kwa chaki: hapa mlango, hapa jiko, hapa barabara. Waigizaji wakariri kwa miguu, mtu anajua neno hili nalisemea hapa, akisahau neno miguu inamkumbusha. Na wasijipange mstari kama paredi! Watoto wetu ukiwaachia wanapanga mstari mmoja wanaangalia mbele mikono nyuma, sababu ndivyo tulivyowafundisha kila asubuhi. Watatu wakiongea wakae kama mafiga. Anayesikiliza amwangalie anayeongea.

Umati, niliahidi. Usiwaambie "pigeni kelele za kijijini", watasema "wawawawa". Kila mtu kwenye umati mpe jina, kazi, na ugomvi mmoja na mtu mwingine wa umati huo huo. Wewe unauza chumvi na yule anadaiwa. Basi, kijiji kimepatikana.

Maleba na vifaa, kwa pesa ndogo

Hapa sitakaa, watoto wanajua kuliko sisi. Machache tu. Kaniki na shuka zinatosha enzi zote za zamani. Ndevu: masizi ya sufuria na mafuta ya nazi kidogo, usibandike pamba kwa gundi, siku ile ndevu zilidondoka kwenye uji. Mvi: poda, sio sembe, sembe inakuwa uji mtoto akitoka jasho. Damu: rozela iliyochemshwa ikawa nzito, ukiongeza wanga kidogo inashika, ila haitoki kwenye nguo nyeupe kwa hiyo usiazime shuka la matroni. Panga la kweli hapana, mbao na rangi ya silva, hili usibishane na mtu.

Moto jukwaani pia hapana. Kwenye Ngoswe kuna karatasi za sensa kuunguzwa, nimeona shule wamewasha kweli ndani ya ukumbi wa makuti, nikatoka nje mwenyewe. Sisi tunafanya hivi: karai, ndani yake simu imewashwa tochi, juu yake kanga nyekundu na ya njano zimelegezwa, mtoto mmoja kajificha nyuma ya meza anapepea kwa mfuniko wa sufuria. Karatasi zinatupwa humo, kanga zinapepea, mwanga unachezacheza. Mchana haionekani sana, funga madirisha ya upande huo kwa mashuka.

Mapenzi nayo. Wazazi wapo, shehe na mchungaji wapo, mkuu wa shule ndo usiseme. Nilichogundua ni kwamba wakigusana ukumbi unapiga mayowe na tukio limekufa, wasipogusana ukumbi unatulia. Binti anakunja kanga, kijana anashika ncha ya pili amsaidie kukunja, kila mkunjo wanasogeleana hatua moja, mkunjo wa mwisho binti anaichukua kanga anaingia ndani. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu anasema "mh!" tu. Imetosha.

Vicheko

Wanafunzi watacheka kwenye msiba, watamwita muigizaji kwa jina lake, "eee Rama umependezaaa". Huwezi kuzuia na mwalimu wa nidhamu akisimama na fimbo ndo wanaharibu kabisa. Fundisha waigizaji wako kuganda. Kicheko kikija, simama ulivyo, usitabasamu, vuta pumzi, kikishuka nusu endelea. Na onesho la majaribio fanya mbele ya kidato cha kwanza wote wiki moja kabla, hao ndo watazamaji wabaya kuliko wote duniani, ukiwavuka hao wazazi ni mteremko. Shule ya wavulana watupu, anayecheza mama asikate mauno wala kubana sauti, avae kanga na atembee taratibu kama mtu aliyechoka. Dakika mbili watacheka, ya tatu watasahau.

Siku yenyewe, na kisu chako

Ratiba itakuambia mchezo saa tano. Mgeni rasmi atafika saa saba. Atakuja na msafara, kutakuwa na kwaya mbili, taarifa ya shule, risala ya wahitimu, hotuba, vyeti, keki, harambee ya madawati, na mahali fulani hapo katikati MC atakunong'oneza "mwalimu una dakika kumi na tano". Una mchezo wa arobaini. Pilau imeshaanza kunukia.

Ndo maana lazima uwe na toleo fupi tangu mwanzo. Chukua nakala zote, weka alama kwa kalamu nyekundu, onesho la kwanza linabaki, la pili na la tatu yanarukwa, msimulizi anasema sentensi mbili za kuunganisha, mnaingia la nne. Lifanyieni mazoezi mara tatu kama mchezo kamili, na mkubaliane neno la siri. Letu lilikuwa "mkaa". Nikipita nyuma ya pazia nikasema "mkaa umeisha" kila mtu anajua tunacheza fupi, hakuna kuulizana. Sijawahi kucheza ndefu kwenye mahafali hata mwaka mmoja, ile ndefu tunaicheza Jumamosi jioni baada ya wageni kuondoka, kwa wanafunzi na wapishi na mlinzi, na kusema kweli ndo inayopendeza.

Weka pia mkumbushaji pembeni, ana nakala, ananong'ona maneno mawili ya mwanzo wa sentensi tu. Asinong'one kabla hajaombwa. Ishara ya kuomba ni kugusa sikio.

Chakula wale kabla. Usiwaambie watakula baada ya onesho, ukimaliza utakuta masufuria yamepinduliwa, na mjane wako mwenye njaa hafikishi sauti mpaka mlangoni.

Jioni mkimaliza usiruhusu mtu kuondoka kabla hamjakaa chini na ile orodha ya vitu vya kuazima. Kila kitu kilipoingia kilibandikwa plasta yenye jina la mwenyewe, sasa kinatoka kwa jina. Kanga mbili za mama wa kantini, koti la sekondi masta, fimbo ya babu yake Zuhura, karai la jikoni, simu ya mwalimu wa fizikia ambayo bado inawaka tochi ndani ya karai.